Kinga Iliyotoka Zizini

Wiki hii nilikaa kwenye benchi la hospitali moja hapa Tarime, mkabala na mlango wa daktari usiofungika vizuri. Ndani alikuwamo mwanamume wa makamo, msagaji wa mawe ya dhahabu kwenye karasha, pamoja na mkewe. Kila akisema maneno mawili alishika meza, akavuta pumzi, ndipo akaendelea.

"Kazini ulikuwa unafunika pua?" daktari akauliza.

"Hapana. Nilikunywa... maziwa."

Mkewe akadakia kwa fahari: "Kila jioni, daktari. Watoto walikunywa chai ya rangi ili baba yao asafishe kifua."

Daktari akavua miwani. "Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi limeingia kwenye mapafu, limeacha makovu. Halitoki tena."

Huku machimboni tumeaminishana kwamba maziwa husafisha vumbi kifuani, hata mimi niliamini. Mwenye karasha alinunua mashine, barakoa hakununua. Kazi ya kumlinda mtu akaachiwa ng'ombe.

Yule mama akainamia kikapu chake. Ndani yake mlikuwa na chupa ya maziwa aliyoyabeba kutoka nyumbani, imefunikwa kwa kitenge. Akawa anaisukuma chini taratibu, kama mtu anayeficha kosa.

Mumewe akaiona, akanyoosha mkono. "Lete, mama watoto."

Akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena mpaka akaimaliza.

"Yananisaidia," akamwambia mkewe.

Daktari alimtazama yule mama, akaivaa miwani yake, wala hakubisha.