Shemeji Gyabaah Alipotoa Mkono

Wanaosema wifi yangu Dufie aligeuza matanga ya marehemu mume wangu kuwa zahanati wana nusu ya ukweli, na hata hiyo nusu wameikosea. Wanaosema nilicheka matangani ni waongo. Nilikohoa.

Dufie ni muuguzi wa vijijini. Kwa miaka kumi na tisa amezunguka mashamba ya kakao ya huku Asuaso kwa pikipiki inayolia kama mbuzi mgonjwa, akipima watu presha na sukari. Anapima bure, na bado walimkimbia. Wanaume wazima walitoroka kupitia madirishani. Akawafuata kanisani, wakafumba macho wakasali mpaka akachoka kusubiri. Ndipo akagundua jambo ambalo mimi, mwalimu mkuu mstaafu, ningemwambia mapema kama angeniuliza: Mwashanti hukwepa kila kitu isipokuwa matanga.

Na matangani kwetu kila anayefika hupita mbele ya wafiwa, akimpa kila mmoja mkono wa kulia. Kumnyang'anya mfiwa mkono wako ni aibu ambayo hata wajukuu wako watakumbushwa. Basi siku ya matanga ya mume wangu Dufie akaketi mwisho wa mstari wetu wafiwa, kipimo cha presha amekificha kwenye mikunjo ya nguo yake nyeusi.

Ruhusa nilitoa mimi. Mume wangu aliuawa na presha, si na supu yangu kama wanavyonong'ona majirani. Na kaka yake Gyabaah, mkuu wa ukoo, alikuwa na shingo ileile, kiu ileile ya gongo, na maumivu yaleyale ya kichwa kila asubuhi. Kupimwa alikataa katakata. Sikutaka kushona nguo nyeusi mara mbili.

Gyabaah akaja na wapambe sita, akapeana mikono mpaka akamfikia Dufie. Dufie akaushika mkono, akaufunga kipimo, kikaanza kunguruma.

"We Dufie, nini hiki?"

"Pole na msiba, kaka. Usiongee, kinahesabu."

"Niachie mkono wangu!"

"Uvute mwenyewe. Watu mia nne wanakutazama."

Hakuuvuta. Alisimama pale anatoka jasho, amefungwa na adabu zake mwenyewe.

"Mia mbili na kumi na nane," Dufie akasema.

Gyabaah akatutumua kifua. "Si niliwaambia mimi nina nguvu? Nani hapa ananifikia?"

"Aliyekufikia tumemzika asubuhi, kaka."

Hapo ndipo nilipokohoa.

Shemeji akakaa chini bila kuambiwa. Gari pekee lililokuwa na nafasi ni lile lililoleta jeneza, kwa hiyo akapelekwa hospitali kwa hilo. Alikataa kulala. Alikaa wima njia nzima, kofia kichwani, akiwapungia watu mkono ili wajue yu hai. Hata hivyo, kufika jioni mitaa miwili ilikuwa imeshaanza kumlilia. Ni uzushi. Anameza vidonge vyake na kulalamika kwamba chakula hakina chumvi.

Tuliporudi kuketi, watu walipanga mstari kwenda kumpa Dufie mkono. Wengine walirudi mara ya pili, eti hawakutoa pole vizuri.

Sasa kuna wanaouliza mkono wangu mimi ulisoma ngapi siku ile. Hilo ni la nyumbani kwangu. Sisemi.