Kuiamsha Pikipiki ya Baba Mkwe

Mke wangu anasema mwanamume akishavuka hamsini hushikwa na mojawapo ya mambo mawili: mpango wa kando au kufuga sungura. Mimi nilishikwa na pikipiki. Siku iliposhushwa kwenye veranda yetu hapa Kitale, chuma kitupu, kutu kila mahali, tairi zimeoza na panya wamezalia ndani ya taa, mke wangu alishika kiuno akasema, "Heri ungeleta mwanamke. Angalau angefua nguo."

Na ilikuwa ya kwao! Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ofisa wa kilimo huko Bungoma, na pikipiki hiyo ya Kiingereza aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago. Mzee alipofariki ikakaa kibandani na ng'ombe miaka mingi. Kisha shemeji yangu, kifungua mimba wa boma lile, mtu asiyeweza kuona chuma bila kukipima kwa macho, akaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama mkwe akakataa. Akasema mkwe wake wa Kitale aichukue, aitengeneze. Shemeji akacheka mpaka akakohoa, kisha akaweka sharti mbele ya ukoo mzima: nipewe miaka miwili, halafu siku ya ibada ya kumbukumbu ya mzee, kama haitanguruma pale uani, itaondoka na lori la vyuma. Mama mkwe akakubali. Mimi sikuulizwa.

Ningeulizwaje? Kule kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mimi ni Mkikuyu wa Trans-Nzoia, na nilipooa nilidhani ni mambo ya mwaka wa kwanza tu, baadaye tutazoeana. Wapi! Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na mama mkwe wangu namjua kwa sauti na kwa mgongo.

Basi nikaanza kazi. Wiki ya kwanza niligundua kwamba Mwingereza, pamoja na ustaarabu wake wote aliokuja kutufundisha, alikuwa na vipimo vyake vya nati ambavyo hakumwambia mtu. Spana ya kumi na mbili haiingii, ya kumi na tatu inazunguka bure. Nilimpata muuza vyuma mmoja kule Kipsongo aliyekuwa na spana tatu za zamani zinazoingia, na akaniuzia kwa sura ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

Vijana wa steji ya bodaboda nao hawakuniacha. Kila Jumamosi walipita kunitembelea. "Niaje mzee? Sasa hii nduthi itapona kweli?" Ushauri wao ulikuwa mmoja tu: tupa hiyo injini, weka ya Kihindi. Hawa ni watu ambao ukiwaambia goti linauma watakushauri ubadilishe mwili. Nilikataa. Nina kiburi, nakubali. Na zaidi ya kiburi, kulikuwa na yule mama wa Bungoma aliyenitaja mbele ya ukoo. Sikutaka aaibike kwa sababu yangu.

Magneto, kile kifaa kinachotoa cheche za plagi, nilikipeleka Moi's Bridge kwa fundi wa injini za kusagia mahindi. Akakisuka upya, kisha akaniuliza kama nyumbani wanajua niko wapi. Kabureta niliisugua kwa mswaki wa mke wangu, jambo ambalo mpaka leo linajadiliwa. Tangi nikalipaka rangi nyeusi, nikalichora mstari wa dhahabu. Mwaka wa pili ulipokuwa ukiisha, pikipiki ilikuwa inametameta, na majirani walileta wageni wao kuitazama.

Ila ilikuwa haiwaki.

Si kwamba ilikaa kimya. Nikipiga kiki, yaani nikikanyaga kile chuma cha kuwashia, ilinirudishia teke. Mara ya kwanza ilinirusha kwenye maua ya mke wangu. Mara ya tatu kifundo cha mguu kilivimba kikawa kama kiazi. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto huku akiniuliza, kwa upole wake wote, kama tununue magongo mawili au moja litatosha. Ibada ilikuwa imebaki siku nne.

Tulifika Bungoma na pikipiki nyuma ya pikapu. Shemeji alikuwa amejiandaa: lori la vyuma lilikuwa limeshaegeshwa langoni, ati lisichelewe. Baada ya sala na chakula alisimama, akatusimulia jinsi baba yake alivyoitawala mashine ya mzungu. "Mzee alikuwa anaigusa na mguu mara moja tu, bana, inalia!" Watu wakapiga makofi. Kisha akaninyooshea mkono, karibu shemeji.

Nikapiga kiki. Ikanirudishia. Nikapiga tena, machozi yakanitoka kwa maumivu. Shemeji akavua koti aonyeshe damu ya baba yake, akakanyaga mara moja, akajikuta amekaa chini na tai begani. Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Mwambie huyo mtu anakanyaga kama anaua nyoka."

Mke wangu, aliyesimama katikati yetu, akageuka. "Mama anasema unakanyaga kama unaua nyoka."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Mwulize kile kijiti cha mkono wa kushoto amekielekeza wapi."

Kijiti hicho ndicho kinachoamua cheche iwahi au ichelewe. Nikasema, kwa kupitia mke wangu, kwamba nimekivuta kwangu, kama kitabu changu cha maelekezo kinavyosema.

"Mwambie hicho kitabu ni cha pikipiki ingine. Hii inasukumwa mbali."

Miaka miwili! Nikakisukuma mbali, nikapiga kiki. Ikakohoa moshi, ikazima. Nikajaribu tena, lakini mguu wangu ulikuwa umekufa kabisa, hata kusimama ilikuwa taabu. Mwenye lori akaanza kukunjua kamba. Nilitaka ardhi inimeze.

"Mwambie aende pale kwenye miwa," mama mkwe akasema. "Atazame miwa."

Nikaenda nikichechemea. Nikaupa uwanja mgongo, nikatazama miwa kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikasikia kandambili zikivuka ua polepole.

"Mama, wacha bana! Utavunjika!" Huyo alikuwa shemeji.

"Nyamaza. Unadhani nani alikuwa anaiamsha hii kitu kila asubuhi? Baba yako alikuwa anaiogopa. Alikuwa anaipanda ikishawaka."

Kandambili zikafika kando ya pikipiki. Nikasikia kiki ikishushwa taratibu mara moja, bila nguvu, kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Kisha mara ya pili.

Ikawaka. Sauti nzito, ya polepole, ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu, ikajaa uani mpaka nikaihisi kwenye nyayo. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma ya kelele hizo nikasikia lori likirudi kinyumenyume kutoka langoni. Nililia, sioni haya kusema. Nati zote zile ni mikono yangu, na inawaka mara ya kwanza mimi nahesabu vifundo vya miwa.

Nikaanza kugeuka.

"Bado!" mke wangu akasema, na dhihaka yake yote ilikuwa imemtoka. "Baba watoto, tafadhali usigeuke. Mama amekaa juu yake. Amelilalia tangi."

Nikabaki nikitazama miwa mpaka petroli ikaisha.