Kidonge Cheupe cha Shoga Yangu

Ulikuwa mwaka tuliokula muhogo asubuhi mpaka jioni, hata kuku wakaukinai. Huku kijijini kwetu Msimbu nikashikwa na kikohozi, shoga yangu jirani akanipa vidonge kutoka kwenye kopo lake la dawa zilizobaki. Kesho yake nikaamka na vipele mwili mzima, midomo imevimba. Nikalaumu korosho tulizokuwa tukibangua, maana mafuta ya maganda yake yanababua. Lakini mgongoni yalifikaje?

Binti yangu akanipeleka kwa daktari Kibaha, nikamweleza na vile vidonge.

“Bibi, ni dawa hiyo. Ulimeza ipi?”

“Nyeupe.”

“Zote nyeupe, bibi! Ukiirudia itakuua.”

Sasa nitaijuaje? Shoga mwenyewe haijui. Juzi kanisikia nalalamika goti, kaniletea vingine.

“Kidonge kisicho na jina simezi.”

“Hata nusu, shoga?”

“Kidonge kisicho na jina simezi.”