Ampli Kadogo Mbele ya Soko Zima

Juzi, katika duka moja la vyombo vya sauti, juu kidogo ya soko la Kadutu, nilimkuta maman anayeuza samaki sambaza amebeba kipaza sauti chake, kile chenye mdomo kama tarumbeta. Ampli yake, ile mashine ya kukuza sauti, ilikuwa imeungua, na jirani yake sokoni alikuwa anamnyang'anya wateja kwa kelele. Alitaka ampli ndogo ya betri.

«Maman, haka kadogo hakana nguvu,» muuzaji akasema, akipigapiga sanduku kubwa lililoandikwa wati elfu mbili. «Beba hii.»

Maman akaunganisha kipaza chake na ile ndogo, akaelekeza mdomo wake mlangoni, akampa muuzaji mikro ya kusemea. «Papa, sema maneno yako yale yale humu ndani. Mimi naenda kusikilizia kule chini, kwa bomba ya maji.»

Muuzaji akanuna, akavuta pumzi: «Haka kadogo hakana nguvu!»

Soko zima likageuka. Kutoka ng'ambo ya bonde mtu akajibu: «Tumesikia!»

Maman akapanda tena, anafuta machozi ya kicheko. «Papa, unifungie hako.»

Wati za kuandikwa tu kwenye sanduku hunipandisha hasira. Mdomo wa tarumbeta hupeleka mbali hata sauti ya wati chache. Lakini muuzaji huyu nimemsamehe. Wengine hutudanganya kwa kunong'ona. Yeye alitudanganya wote pamoja, na tukasikia vizuri kabisa kwamba anadanganya.