Koliflawa ya Kwai Yamsumbua Mpiga Chapa Lushoto

Saa tatu asubuhi, mjini Lushoto. Printa inalia, na Rahabu Shekalaghe anaishika karatasi kabla haijamaliza kutoka. Majina ya wakulima yapo. Anwani ipo. Mahali pa picha pana kiboksi kitupu.

"Mara ya kumi na moja hii," anasema. "Na jina la picha nimeliandika sawasawa."

Rahabu, mwenye miaka 38, alichapa kwa stensili miaka kumi na miwili katika ofisi ya ushirika, mpaka watu wakapunguzwa. Sasa, mwaka huu wa 1996, ameajiriwa na Yohane, mfanyabiashara aliyenunua kompyuta kuukuu Dar es Salaam. Analipwa shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi. Watoto wake watatu wanazitegemea.

Programu yenyewe ni ya zamani. Picha huioni kwenye kioo cha kompyuta. Unaandika jina la faili tu, kisha unangoja karatasi. "Ni kupika bila kufunua chungu," anasema.

Kazi ni tangazo la kikundi cha mboga cha kijiji cha Kwai. Hoteli moja ya Dar inalisubiri, na basi la kushuka Mombo, litakalolipeleka, linaondoka saa sita. Yohane ameshasema: likishindikana, kompyuta anaiuza, na Rahabu atafute kwingine.

Mzee Hashimu, mwenyekiti wa kikundi, anaingia, koti limelowa ukungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Koliflawa yangu imeota?"

"Imo humu, baba, ila haitoki."

"Imo au haimo?"

"Hata mimi sijui."

Rahabu anachomoa kwenye kompyuta disketi yenye picha, anaipangusa, anairudisha kwenye bahasha yake.

"Mbona unaitoa?"

"Vumbi, baba. Ndivyo tulivyofundishwa. Ukishatumia kitu, kirudishe."

"Sasa mashine ikiitafuta? Umeandika jina langu hapo, mimi nimebaki Kwai. Ukiniita nitaitika?"

Rahabu anairudisha disketi mashineni, safari hii anaiacha mlemle. Printa inakwama, inanguruma, kisha koliflawa inatoka. Imejaa ukurasa mzima, juu ya majina, juu ya anwani.

"Tangazo hilo au blanketi?" anauliza Yohane mlangoni.

"Imemeza wanachama wote!" Mzee Hashimu anacheka. "Hata mwenyekiti!"

Rahabu anajaribu kuipunguza. Inatoka ndogo kama punje ya harage. Anajaribu tena, inarudi blanketi. Saa tano na nusu sasa.

"Lete hiyo kubwa," anasema mzee. "Hoteli inanunua mboga, hainunui majina yetu. Andika anwani kwa kalamu pembeni." Rahabu anaandika, mzee anaikunja karatasi, anakimbilia basi.

Rahabu anajifuta jasho. Anapanga kwenda Tanga, akafundishwe kompyuta wiki mbili. "Nataka kuuliza moja tu: picha naipima mimi, au inajipima yenyewe?"

Yohane haongelei tena kuuza. "Kesho wanakuja watu wa maziwa," anasema. "Wanataka picha ya ng'ombe."

"Ng'ombe mzima?"

"Na ndama wake."

Rahabu anavuta kiti karibu na kompyuta. "Waambie waje mapema."