Fito za Nyumba ya Mama

Watu wa mjini wakiniuliza kwa nini tulihama, huwa wameshajijibu. Mnapenda taa, wanasema. Mnakimbia kazi ya mbuzi. Nami hukasirika kila mara, kwa sababu sijaona mtu aliyeipenda nyika yetu ya huko Garbatulla kuliko mama yangu.

Kwetu Waborana, nyumba ni ya mwanamke. Ni fito zilizopindwa na mikeka. Kiangazi kikikaza, huibomoa mwenyewe, akaipakia juu ya ngamia, akaenda kuisimamisha kwenye malisho. Mvua ikirudi, anarudi nayo. Fito za mama alipewa na mama yake alipoolewa, na moshi ulikuwa umezifanya nyeusi. Kuhama tulikujua sana. Kutorudi ndiko hatukukujua.

Kisha pampu ya kisima chetu ikaharibika. Wakaja watu na gari jeupe, wakaing'oa, wakasema inaenda kutengenezwa, wakapiga picha nasi, wakaenda zao. Tukangoja. Kibao cha mradi kikabaki kimesimama na rangi yake safi, na maji hakuna! Wanaume wakapeleka mifugo mbali. Mama na wenzake wakawa wanafuata maji kwa punda, mpaka punda naye akafia njiani. Mwalimu akaondoka, muuguzi akaondoka. Hapo ndipo mama aliponiambia nimtafutie chumba mjini Isiolo, nilikokuwa nikifanya kazi dukani.

"Mpaka pampu irudi," akasema.

Alikuja na lori la mbuzi, na fito zake. Taniboi, yule msaidizi wa dereva, akamcheka.

"Mathe, hiyo miti unapeleka wapi? Town kuni ziko mob."

"Hii ni nyumba," mama akamjibu, akazikalia njia nzima.

Kwenye ploti, ua wa vyumba vya kupanga, alizifunga kwa kamba, akaziegemeza kwenye ukuta wa mabati, tayari kwa safari. Majirani wakianika nguo juu ya fito, anazianua. Kila mgeni aliyetoka kwetu, salamu hazijaisha, alishaulizwa habari ya pampu.

Jioni moja redioni, mheshimiwa fulani akaulizwa kwa nini vijiji vya huko vinageuka mahame. Akacheka, haya hana. Wale ni watu wa kuhamahama, akasema, iko kwa damu, hata uwape nini hawatulii. Na ile pampu je, mtangazaji akamuuliza. Pampu ilipelekwa mahali penye watu.

Penye watu! Nilitaka kuibamiza redio ile ukutani. Sisi tulikuwa nini, vichuguu? Nilitukana mpaka jirani akagonga mabati. Mama aliizima redio, akaenda kulala.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya moshi niliyoijua tangu utotoni. Mama alikuwa amechutama uani, anachemsha chai. Kamba ilikuwa chini, karibu na ukuta.

"Kunywa ikiwa moto," akaniambia, akasukuma ufito mwingine kwenye moto.