Folda ya Mama Nyamisi

Fundi wa kompyuta aliyejiona mjanja kuliko wote ni mimi. Nikiwa Musoma niliandika skripti, yaani maagizo yanayojiendesha kila kompyuta ya ofisi inapowashwa: yafute folda ya zamani, kisha yaweke programu mpya. Musoma kompyuta hatuzimagi, kwa hiyo sikuona tatizo.

Tawi letu la Kibara, wingu likitanda ziwani, wanachomoaga kila kitu kuogopa radi. Mama Nyamisi wa masijala akanipigia simu.

"Mwanangu, kila nikiwasha, kazi yangu haipo."

Nikamwandikia bosi kwamba mama huyu hajui kuhifadhi kazi. Mama akasimamishwa kazi, naye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

Kwenye kikao cha nidhamu bosi aliomba kuiona skripti ukutani kwa projekta. Niliifungua kwa mbwembwe. Juu kabisa nilikuwa nimeweka maelezo kwa Kiswahili, akayasoma taratibu: "Kila kompyuta ikiwaka, futa vyote vilivyomo kwenye folda ya zamani."

Mama Nyamisi akavaa miwani, akautazama ukuta.

"Mwanangu," akasema, "si ndiyo folda uliyonifundisha kuhifadhia kazi?"